Mabondia wa 1900: mashujaa wa China au wauaji wa Wachina wenzao?

Mleta mada: Wakuu, kuna mdau kasema Yihetuan, wale waasi wa China ambao Wazungu waliwabandika jina la Mabondia, ni mfano wa kuigwa katika kupinga ubeberu. Nakubali nusu. Hasira yao ilikuwa ya haki kabisa. Pale Liyuantun, kijiji cha Shandong, kiwanja cha hekalu kiligeuzwa kanisa. Wanakijiji wakahangaika na kesi miaka nenda rudi, huku mapadri wakikingiwa kifua na ubalozi wa Ulaya. Hakimu gani angethubutu? Mwaka 1897 wamisionari wawili Wajerumani wakauawa mkoani humo humo, Ujerumani ikapata kisingizio cha kuteka ghuba ya Jiaozhou.

Sasa angalieni waliochinjwa. Wageni ni mamia tu. Wachina Wakristo ni maelfu kwa maelfu, wengi wao wakulima hohehahe kama Mabondia wenyewe. Huo ni ukombozi gani?

Jibu: Mkuu, unamkazia macho aliyekanyagwa. Majeshi ya mataifa manane ya kigeni yaliingia Beijing Agosti 1900, yakapora mpaka majumba ya kifalme. Mwaka uliofuata China ikabambikwa fidia ya taeli milioni 450 (taeli ni kipimo cha uzito wa fedha cha China), ilipwe kwa miaka 39 na riba ya asilimia 4. Na yule Lettow-Vorbeck aliyepigana kwetu 1914 hadi 1918 alikuwemo kwenye jeshi la Ujerumani lililopelekwa China. Mbona Kinjikitile tunamwita shujaa? Maji yake nayo hayakuzuia risasi, kama Mabondia walioamini risasi haziwadhuru, na Majimaji nao waliua wamisionari.

Mleta mada: Kinjikitile hakuwa na ikulu iliyomtumia. Cixi, mama mjane wa kifalme aliyeitawala China, aliwakumbatia Mabondia, Juni 21 akatangaza vita. Beijing ilipoanguka akakimbilia mji wa Xi'an, na serikali yake ikaamuru Mabondia hao hao wasakwe. Mimi msaliti namba moja namwona hapo, kabla hata ya Wazungu.

Jibu: Na magavana wa kusini je? Zhang Zhidong na Liu Kunyi waligoma kuitii amri ya vita, wakaelewana na makonseli wa kigeni wa Shanghai, bonde la mto Yangtze likapona. Kwa hesabu za mleta mada hao ndio wazalendo?

Mleta mada: Ndiyo, nasema bila aibu. Waliokoa roho za watu. Kushika panga mbele ya mizinga wakati ikulu inakuchezea si uzalendo.

Jibu: Waliokoa roho, sawa, lakini waliwaacha ndugu zao wa kaskazini peke yao. Na fidia haikuwaruka: iligawanywa mikoa yote, kodi zikapanda huko huko kusini. Hebu nieleze, mkulima wa Yangtze alifaidi nini na huo werevu baada ya 1901?