Cha kitambaa, cha kurasa ngumu au cha sauti: kipi cha usiku kwa mtoto wa miezi sita?

Mama Tumaini
Habari zenu wazazi wenzangu. Mwanangu ametimiza miezi sita na usiku wetu umeanza kuwa na mpangilio: anaoga, ananyonya, tunapunguza taa, tunasoma, analala. Kwenye kusoma ndipo nahitaji ushauri. Tumepewa zawadi vitabu vya aina tatu: cha kitambaa, cha kurasa ngumu chenye wanyama wanaojiandaa kulala, na kimoja chenye vitufe vya kubonyeza kinachotoa milio na muziki. Cha milio ndicho anachokipenda kupita vyote, anakirukia kabisa, na hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Cha kurasa ngumu anakitafuna pembe zote. Cha kitambaa kwa kuwa ni laini nilifikiria nimwachie kitandani alale nacho. Kwenu kipi kilifaa usiku? Halafu mume wangu anauliza, kumsomea mtoto asiyeelewa hata neno moja kuna faida gani?

Baba Pacha
Dada, nianze na swali la shemeji. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, DeCasper na Spence, walichapisha matokeo ya jambo lililonigusa sana. Waliwaomba wajawazito wasome hadithi moja kwa sauti kila siku katika wiki sita za mwisho za ujauzito. Watoto walipozaliwa wakapewa chuchu bandia iliyounganishwa na kanda: wakinyonya kwa namna fulani wanasikia hadithi ile, wakinyonya kwa namna nyingine wanasikia hadithi ngeni. Wachanga wale walijitahidi kunyonya kwa namna iliyowaletea hadithi waliyoizoea tumboni. Kwa hiyo mwambie shemeji kwamba mahadhi ya lugha yanamfikia mtoto mapema sana, maana itakuja baadaye.

Kwa usiku mimi nasimama na kurasa ngumu bila kusita. Kitabu kinakaa wazi mapajani bila kushikiliwa kwa mikono miwili, ukurasa mnene mtoto anaweza kuusukuma kwa kiganja, na kurasa ni chache, kwa hiyo kinaisha kabla hajachoka. Cha milio hakina mwisho. Anabonyeza, kinalia, anabonyeza tena, na wewe mzazi unabaki mtazamaji.

Mwalimu wa Awali
Naungana na Baba Pacha, ila si kila kitabu cha kurasa ngumu ni cha usiku. Vingi ni hadithi za watoto wakubwa zilizopunguzwa na kubandikwa kwenye kadi nene, maneno yamejaa ukurasa mzima. Mtoto wa miezi sita hatakusubiri umalize aya, ataufunua ukurasa.

Tafuta chenye picha moja kubwa kila ukurasa, mandhari tupu nyuma yake, na mstari mmoja au miwili inayojirudia kwa mizani ileile. Mfano niutunge hapa hapa:

*Bata kafika kwake, kalala.*
*Mbuzi kafika kwake, kalala.*
*Paka kafika kwake, kalala.*

Soma kwa sauti uone. Neno "kalala" linarudi mahali palepale, sauti yako inashuka yenyewe, na kila mnyama anayeingia unaweza kumsoma polepole kuliko aliyemtangulia. Kabla ya "kalala" nyamaza kidogo, mtazame usoni. Akiwa na miezi sita atakuangalia tu mdomo. Miezi ikisogea ataanza kutoa sauti yake kwenye ule ukimya, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanzia.

Kuhusu picha, mchanga wa wiki za mwanzo anaona vizuri kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni, na michoro myeusi juu ya weupe humvuta zaidi. Kwa wa kwako umri huo umeshapita, rangi anaziona. Vile vya kufunua kijidirisha uone kilichojificha, viweke akiba hadi afike miezi minane au tisa hivi, ndipo anaanza kukitafuta kwa hamu kitu kilichofichwa. Na hata hapo ni vya mchana, maana usiku vinaamsha.

Muuguzi wa Watoto
Mama Tumaini, hicho cha kitambaa tafadhali usimwachie kitandani. Mwaka wa kwanza mtoto alale chali, juu ya godoro gumu lililo tambarare, na kitanda kiwe kitupu: hakuna mto, mdoli, blanketi lililolegea, wala kitabu laini. Kinaweza kumfunika pua na mdomo naye hana uwezo wa kukiondoa. Msome pamoja, kisha kiondoke nawe.

La pili ni cha milio. Kigeuze nyuma utazame mfuniko wa betri. Vingi vinatumia zile betri ndogo bapa za duara, kama za saa. Mtoto akiimeza ikakwama kwenye umio, inaweza kuunguza nyama za ndani vibaya ndani ya saa mbili tu. Mfuniko uwe umefungwa kwa skrubu, na skrubu iwe imekaza. Ukikuta umelegea au umepasuka, kitoe kabisa mikononi mwake. Na ukishuku amemeza, usisubiri uone dalili, mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Kutafuna hakunisumbui. Umri huu mdomo ndio anaochunguzia vitu. Ila angalia pembe: kadi ikianza kuvimba na kumenyeka, vipande vinavyobanduka vinaweza kumkaba.

Mzazi wa Zamu
Niulize hapohapo. Kazi yangu ni ya zamu na usiku mwingi sipo nyumbani. Vipi vitabu vya kwenye simu au kishkwambi? Vinasoma vyenyewe na picha zinatembea.

Baba Pacha
Kaka, kwa mtoto mdogo mimi hapana. Mwaka 2019 jarida la Pediatrics lilitoa utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliowalinganisha wazazi na watoto wao wadogo wakisoma vitabu vya karatasi na vya kielektroniki. Kwenye vya kielektroniki mzazi na mtoto walizungumza kidogo zaidi, na mazungumzo mengi yakawa ya kifaa chenyewe: bonyeza hapa, usiguse pale. Halafu mwanga wa skrini karibu na saa ya kulala haumsaidii mtu yeyote, sembuse mtoto.

Muuguzi wa Watoto
Baba Pacha yuko sawa, ila kwa Mzazi wa Zamu ipo njia. Madaktari wa watoto wa Marekani wanaposhauri skrini ziepukwe kabla ya miezi 18, simu ya video na ndugu wanaiacha nje ya katazo. Nunueni nakala mbili za kitabu kimoja. Wewe uwe na yako kazini, mwenzako nyumbani amshike mtoto na kumfunulia kurasa, wewe usome. Ifanyike mapema kidogo, kabla taa hazijapunguzwa.

Mzazi wa Zamu
Nakala mbili! Hilo sikuliwaza. Ahsante sana.

Bibi wa Wajukuu
Wanangu, mmesema vyema. Mimi naongeza kuhusu kurudia. Mzazi akishasoma kitabu kimoja usiku baada ya usiku anachoka, anataka kipya. Mtoto hachoki. Kile anachokijua ndicho kinachomtuliza, kwa hiyo kiacheni kiwe kilekile, vipya visomwe mchana. Na kama kitabu kimeandikwa kwa lugha msiyoongea nyumbani, acheni maandishi, simulieni picha kwa lugha yenu, lakini kila usiku kwa maneno yaleyale.

Mama Tumaini
Shikamoo bibi, na ahsanteni wote. Nimeamua: cha wanyama ndicho cha usiku, cha milio kitabaki mchana nikishakagua betri, cha kitambaa tutakisoma akiwa amekaa nami. Swali moja limebaki. Mara nyingi anakifunga katikati. Nimlazimishe tumalize?

Mwalimu wa Awali
Usimlazimishe. Akikifunga, ruka hadi mnyama wa mwisho, useme ule mstari wa mwisho kwa kichwa, ulaze kitabu pembeni. Akigeuza uso, akijinyoosha mgongo au akifikicha macho, ndiyo amekuaga.

Bibi wa Wajukuu
Marahaba mwanangu. Na kikilowa mate, kifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu, ukisimamishe kurasa zikiwa zimeachana hadi kikauke. Ukikifunga kibichi kurasa zitagandana, na ukungu hautachelewa.