Pointi 82 za ligi ya vijana au 9 za ligi ya wakubwa: nani ana nafasi zaidi NHL?

Mtelezo77
Wakuu, kuna madogo wawili wa hoki ya barafu nawalinganisha, wote mawinga, wote wa drafti moja (klabu zinapochagua vijana kwa zamu) ya NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini. A yuko OHL, ligi ya vijana kule Kanada: mechi 64, pointi 82 (magoli na asisti, yaani pasi za goli, kwa pamoja), magoli 34 kwa mashuti 150, dakika 20 kwa mechi. Kazaliwa 28 Septemba 2007. B yuko Uswidi, keshapandishwa ligi ya wakubwa, SHL: mechi 35, pointi 9, dakika 8 tu kwa mechi. Kazaliwa 30 Agosti 2008. Kwa namba A anamfunika mwenzake kabisa. Au nakosea?

MstariWaBluu
Anza na tarehe, mkuu. Kuingia drafti lazima uwe umetimiza miaka 18 ifikapo 15 Septemba. A aliikosa ya mwaka uliotangulia kwa siku 13, B ameiwahi kwa siku 16. Wanapishana miezi 11, na kwa umri huo miezi 11 ni kilo kadhaa za misuli. Auston Matthews, nyota wa NHL aliyezaliwa 17 Septemba 1997, alisubiri hadi 2016 kwa sababu ya siku 2 tu, akautumia mwaka huo kucheza na watu wazima kule Zürich, kisha akachukuliwa namba 1.

Halafu gawa kwa dakika. B ana dakika 280, yaani pointi 1.9 kwa kila dakika 60. A ana 3.8. Pengo la mara tisa limebaki mara mbili, na B anapambana na mabeki wenye ndevu zao.

Sasa zichambue zile 82. Ngapi ni za pawaplei, mpinzani akiwa na mtu kwenye boksi la adhabu? Asisti za pili ni ngapi? Goli moja huweza kuzaa asisti mbili, na mara nyingi ya pili ni ya mtu aliyegusa tu paki (kile kisahani kinachochezewa) kule nyuma. Magoli 34 kwa mashuti 150 ni karibu asilimia 23, wakati wastani wa NHL ni kama 10. Hiyo itashuka.

FimboFupi
Ukipata video, acha kufuata paki. Mfuate dogo zamu nzima, sekunde 45 hivi. Hesabu ni mara ngapi anageuza shingo kutazama nyuma ya bega kabla pasi haijamfikia. Asiyetazama atapigwa bega na mtu wa kilo 100 kwenye ubao wa pembeni ya uwanja, na paki itapotea. Angalia na hatua tatu za kwanza: goti likikunjwa vizuri anaondoka, mguu ukinyooka anapiga kelele tu kwenye barafu.

Kinachodanganya zaidi ni dogo anayempita beki kwa nje kila mara. Ligi ya vijana mabeki wengi hawajui kugeuka bila kupoteza mwendo. NHL atasukumwa pembeni, apige kwa pembe ambayo kipa haihangaikii. Mtafute anayekata kuingia katikati, hata akinyang'anywa mara mbili tatu.

MstariWaBluu
Hapo kweli. Ila B naye asipambwe: dakika 280 ni chache, pointi mbili za bahati zinabadilisha hesabu yote. Mwangalie pia akiwa na vijana wenzake. Mashindano ya dunia ya chini ya miaka 18 yanafaa, ila Kanada huko huwakosa ambao klabu zao bado ziko kwenye mtoano.

Mtelezo77
Nimekupata. Na makipa je?

KipaMstaafu
Makipa waweke kando, ndugu yangu. Henrik Lundqvist alichukuliwa wa 205 mwaka 2000, Pekka Rinne wa 258 mwaka 2004, na wote walikuja kubeba Vezina, tuzo ya kipa bora wa NHL. Wengi hukomaa baada ya miaka 22. Asilimia ya kuokoa hubebwa na mabeki walio mbele yake, kwa hiyo usiitegemee. Tazama kama ameshasimama tuli kabla shuti halijapigwa, na kama paki inayomgonga anaipeleka kona au inarudi katikati kwa mpigaji. Anayeokoa kwa kujirusha kila dakika watu humshangilia, kumbe kachelewa kufika.