Mbegu ya kiduha hujuaje kwamba mahindi yamepandwa?

Mkulima wa Kahama: Habari zenu ndugu. Shamba letu lilipumzishwa misimu kadhaa bila kuonekana kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, lakini tulipopanda mahindi kikachomoza kwa wingi, hasa upande wa ardhi iliyochoka. Mbegu iliyofukiwa hutambuaje kwamba mahindi yapo karibu?

Mwalimu wa biolojia: Ndugu, mbegu hiyo hunasa homoni ya mahindi yenyewe. Mizizi hutoa homoni hiyo, iitwayo strigolaktoni, na mbegu ya kiduha, ambayo ni ndogo kama vumbi na huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10, haioti mpaka iipokee, kwa kuwa akiba yake ya chakula ni ya siku chache tu. Strigoli, ya kwanza katika kundi hilo, ilitangazwa mwaka 1966 kutoka kwenye mizizi ya pamba, ambayo kiduha hakiishambulii. Mwaka 2005 ilibainika kwamba mmea huitoa ili kuwavuta kuvu wanaousaidia kupata fosforasi, na mwaka 2008 kwamba ndani ya mmea huzuia matawi ya pembeni.

Mkulima wa Kahama: Ahsante mwalimu. Huyazuiaje?

Mwalimu wa biolojia: Hapa ndipo penye uzuri wake. Katika mpunga, homoni hunaswa na kipokezi kiitwacho D14, nacho hubadilika umbo, hushikana na protini nyingine, na kwa pamoja huitia alama protini D53 ili seli iivunjevunje. D53 ndiyo iliyokuwa ikizizima jeni za kulaza machipukizi. Ikishaondoka, jeni hizo huamka na chipukizi hulala. Homoni, basi, hufanya kazi kwa kuondoa kizuizi.

Bwana shamba: Naongezea kuhusu ardhi iliyochoka. Fosforasi ikipungua, mmea huzidisha strigolaktoni ili upunguze matawi na kuwaita kuvu, na kiduha hufaidika na mwito huohuo. Rutubisha upande huo kwa samadi na mbolea ya fosfeti, kisha zungusha mahindi na pamba, ambayo huziotesha mbegu za kiduha zikafa kwa kukosa pa kujishikiza. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, ukipandwa kati ya mistari, kama ilivyo katika kilimo cha sukuma-vuta (mmea mmoja hufukuza wadudu waharibifu, mwingine pembeni huwavuta) kilichoendelezwa na ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, Kenya, nayo hukidhoofisha sana. Kitakachobaki king'olewe kabla hakijachanua, kwani mche mmoja huweza kumwaga makumi ya maelfu ya mbegu.