Naomba ushauri, wazee hawataki niandike kwamba babu alikuwa manamba

Habari zenu wakuu, naandika historia ya ukoo wetu nimekwama. Babu alitoka Kigoma akaja kukata mkonge Tanga enzi za Mwingereza, vibarua wa mkataba kama yeye ndo waliitwa manamba, kipande chake bibi bado anacho kakifunga kwenye pindo la kanga, kadi ya siku 30 za kazi ambayo usipoijaza ulikuwa hupati mshahara wako. Mi naona matabaka yetu yalianzia hapo hapo, kodi ya kichwa ndo iliwatoa watu makwao, huku watoto wa machifu wanapelekwa shule Tabora wanatoka makarani. Sasa baba wadogo wanasema neno manamba ni aibu nilifute, roho inagoma kabisa maana mkonge huo huo ndo uliwasomesha wao. Niongee nao vipi bila kuwavunjia heshima?