Ziara ya Mji Mkongwe: nimelipa laki na sitini ili mama yangu aongopewe habari za mji aliozaliwa

Wakuu, salaam. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mtanivumilia. Nina hasira za siku nne na sijapata pa kuzitua.

Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari moja huku Tanga. Mama yangu ana miaka 71, kazaliwa Vikokotoni, Unguja, akaolewa huku angali binti. Tangu hapo amerudi kwao mara za kuhesabika, nyingi za msiba: anashuka botini, anazika, anapanda boti. Likizo hii nikasema hapana, mama aende kwao kutembea. Tukavuka wanne: mimi, mke wangu, binti yetu wa darasa la sita, na mama.

Kosa langu nalikiri mapema. Mama mwenyewe angetutembeza bure, lakini nikajifanya msomi, nikataka binti asikie historia kwa mtu anayeishi kwa kazi hiyo. Nikawasiliana na kampuni moja kwa simu, jina siweki. Tukakubaliana hivi: sisi wanne peke yetu, maelezo kwa Kiswahili, muda wa saa mbili na nusu, mwendo wa taratibu kwa sababu ya magoti ya mama, shilingi 40,000 kwa kila kichwa, viingilio tutajilipia. Nikatuma hela yote siku mbili kabla. Ndiyo, yote. Msinicheke.

Saa 3 asubuhi tuko Forodhani. Kijana anafika saa 3 na dakika 40, kitambulisho shingoni, safi kabisa, na nyuma yake wageni saba kutoka Ulaya. Namuuliza hawa ni nani, ananijibu, "Ah mwalimu, tunakwenda pamoja tu, mtafurahi." Namkumbusha Kiswahili. "Nitawachanganyia."

Basi sikieni alivyochanganya. Anasimama mbele ya mlango, anamwaga Kiingereza dakika saba, mikono juu, wageni wanacheka, wanapiga picha. Halafu anatugeukia sisi: "Hapo nawaelezea habari za mlango." Kwisha. Mlango mwingine: "Hapo nawaambia kuhusu Wahindi." Mke wangu akaninong'oneza kwamba tumelipa laki na sitini kusomewa yaliyomo bila kufunguliwa kitabu.

Kiingereza nakisikia, kwa hiyo niliyasikia yote, na hapo ndipo hasira ilipoanzia. Ningekuwa sielewi labda ningerudi Tanga na furaha zangu.

Ngome Kongwe, anasema, imejengwa na Wareno. Siyo. Wareno walikuwa na kanisa pale. Ngome waliijenga Waarabu wa Oman baada ya Mreno kufukuzwa pwani hii mwishoni mwa karne ya 17. Unaweza kusema ni kosa dogo, lakini kwa mwanafunzi wangu hiyo ni alama imekwenda, na huyu analipwa.

Tukafika kwenye milango yenye misumari mikubwa ya shaba. Anawaambia wageni kwamba ile iliwekwa kuzuia tembo wasivunje nyumba za matajiri. Tembo, Unguja! Mama alikuwa ameegemea ukuta kimya, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Ndovu hao walikuja na boti gani, mwanangu?" Kijana akacheka, akaendelea na tembo wake. Na ukweli wenyewe si mgumu kuueleza. Mtindo wa misumari ile ulitoka Bara Hindi, na hadithi ya tembo wa vita ni ya huko. Mafundi na wafanyabiashara walikuja nao, huku ukawa urembo na ishara ya uwezo. Ukimwelekeza mtu atazame mlango wenye kizingiti cha mraba na maandishi ya Kiarabu, kisha atazame wenye kichwa cha nusu duara na maua tele, amekwishaona biashara ya Bahari ya Hindi ilivyoingia mpaka kwenye seremala. Bila tembo hata mmoja.

Beit el-Ajaib, Jumba la Maajabu, akaipita kama mtu anayepita nyumba ya mdai wake. "Sultani Barghash, 1883, umeme wa kwanza, lifti ya kwanza, sasa ipo matengenezoni." Hakusema kwa nini. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba lile iliporomoka mchana, watu wawili wakafa. Hilo ndilo mgeni angepaswa kulisikia, maana linaeleza mji mzima: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, na hewa ya chumvi. Maji yakipenya juu, boriti inaoza ndani kwa ndani, na fundi akiziba nje kwa saruji anaufungia unyevu ndani ya ukuta. Nyumba ngapi kule zimeshikiliwa na magogo tu? Tulizipita, hakuzitaja hata moja. Mama ndiye aliyemshika binti mkono na kumwambia asitembee chini ya roshani ile.

Haya, nyumba ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa kundi la Queen. Hapo dakika 20 nzima. Sina ugomvi na marehemu. Alizaliwa Unguja 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi, na familia ikahamia Uingereza 1964. Maneno hayo yanatosha kwa dakika mbili na picha moja.

Kutoka hapo, duka. Bila shaka mlilijua linakuja. Viungo vya pakiti, picha za rangi za twiga, vitenge bei ya dhahabu. Kijana akasema "dakika tano tu", akakaa kwenye kiti cha pembeni na mwenye duka akamletea chai. Nilitazama saa: dakika 52. Vita vya tarehe 27 Agosti 1896, ambavyo alikuwa ametoka kutusimulia kuwa ndivyo vifupi kuliko vyote duniani, vilichukua baina ya dakika 38 na 45. Waingereza walipiga mizinga, kasri likabomoka, Khalid bin Barghash akakimbilia kwa Wajerumani, na yote hayo yakaisha upesi kuliko sisi tulivyokaa kuuziwa iliki. Kamisheni naijua, kila mtu ale. Lakini uile kwa muda wako, usiile kwa muda niliokulipa.

Sasa nije kwenye baraza, maana hilo ndilo lililonifanya niandike.

Tulipotoka dukani mama magoti yalikuwa yamekataa. Mwendo wa taratibu tulioahidiwa haukuwapo, wageni wale walikuwa vijana wa miguu mirefu na kijana alikwenda kwa hatua zao. Kwenye kichochoro kuelekea Hurumzi mama akaona baraza, akakaa. Ya mawe, imepakwa chokaa, ndefu, tupu. Hata hajavua kiatu, akatoka mtu wa mlangoni wa hoteli: "Bibi, hapo ni kwa wateja." Nikamtazama mtembezaji wetu nikidhani atasema neno. Akasema. Akamwambia mama, "Inuka bibi, tusogee kidogo mbele, hapa wenyewe hawapendi."

Wakuu, baraza! Dakika kumi kabla ya hapo alikuwa anawahubiria wageni kwamba baraza ndiyo moyo wa Mji Mkongwe, watu hukaa wakanywa kahawa, wakacheza bao, wakapeana habari, na mvua ikijaza vichochoro watu hupita juu yake wasilowe. Yote kweli kabisa, hapo hakukosea. Kumbe ni maneno ya kusema tu. Mwenyeji halisi alipoikalia, aliinuliwa.

Mama si mtu wa kelele. Aliinuka, akajipangusa buibui, akamwambia yule kijana, "Mimi baraza hii nimeikalia nikiwa nimetumwa nazi Darajani, babako hajazaliwa." Akaanza kutembea mbele peke yake, polepole, bila kugeuka. Binti yangu akamfuata. Mimi nilibaki pale nikiwa sijui nimpige mtu au nilie.

Mkunazini ndiyo ikawa ya mwisho. Pale panahitaji heshima. Soko la watumwa lilikuwa pale kweli, likafungwa kwa mkataba wa 5 Juni 1873, na kanisa la Anglikana likajengwa mahali pale, Askofu Steere akilisimamia. Mnara wa kumbukumbu wenye sanamu za watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo, kazi ya msanii wa Kisweden Clara Sörnäs, ulimnyamazisha binti yangu, na ilitosha. Lakini kijana hakutosheka. Akasema Livingstone "alikuja akalifunga soko". Livingstone alikuwa amekwishakufa kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwezi kabla ya mkataba! Aliyebanana na Barghash ni balozi John Kirk, na nyuma yake manowari. Akasema tena utumwa Zanzibar uliisha 1873. Kilichozuiwa 1873 ni masoko na kusafirisha watu baharini. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa 1897, na hata hapo kwa masharti. Miaka 24 ya maisha ya watu imefutwa kwa sentensi moja ili hadithi iishe vizuri.

Na vile vyumba vya chini akavieleza kama mtu aliyekuwamo, hesabu ya watu, nani alilala wapi. Jengo lile la juu lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaopinga kwamba vyumba vile viliwahi kuwekewa watumwa. Mtembezaji mwenye adabu angesema jambo hili lina ubishi. Maovu ya mahali pale hayahitaji kutiwa chumvi, yana chumvi yake yenyewe, na anayeongopa kidogo anampa mkanushaji sababu ya kukataa yote.

Nilipomwambia hayo kando, kwa upole, si mbele ya wageni, alinijibu: "Mwalimu, wageni ndivyo wanavyopenda kusikia." Angalau hapo alisema kweli.

Sasa msije mkanielewa vibaya. Wapo watembeza wageni Unguja wanaojua kazi yao kuliko mimi ninavyojua yangu, nimewahi kumsikiliza mzee mmoja pale Malindi nikasahau kula. Na huyu wangu hakuwa papasi, mtembezaji wa mtaani asiye na kibali, wa kuokota bandarini, alikuwa na kitambulisho na kampuni. Hiyo ndiyo inayoniuma. Papasi ukimchukua unajua umechukua papasi.

Ng'ambo, upande wa pili wa mji, hatukufika kabisa, wala haikuwamo kwenye ramani yao. Nilimwomba avuke barabara tu, Darajani ile pale, awaambie watu kwamba jina lile ni la daraja kweli, maji ya bahari yalikuwa yakiingia hapo na kuugawa mji, mawe upande huu, makuti na udongo upande ule, na walioujenga upande huu wengi walilala upande ule. Akasema "ng'ambo hakuna kitu cha kuona". Mama, mzaliwa wa Vikokotoni ya huko huko Ng'ambo, alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake.

Nimewaandikia kampuni nikitaka nusu ya hela, shilingi 80,000, kwa sababu ya mambo matatu tuliyokubaliana kwa maandishi na yote hayakutimizwa: peke yetu, Kiswahili, taratibu. Ya tembo nimewasamehe. Mwenye kujua ofisi inayopokea malalamiko ya namna hii kule visiwani anielekeze, nina ujumbe wote wa simu na risiti ya malipo.

NYONGEZA, usiku huu: wamejibu. Wanasema "wageni wengine wote walifurahi", na kwamba kwa nia njema watatupa punguzo la asilimia 10 kwenye ziara ijayo. Nimemsomea mama. Alikuwa anakanda magoti kwa mafuta ya mkaratusi, akauliza kama punguzo hilo lina pa kukaa.