Oringi za kegi: grisi ya silikoni, mafuta ya mgando, likwidi parafini au mafuta ya nazi?

Kimea_Arusha

Wakuu, habari za jioni. Nimeachana na chupa, sasa bia yangu naiweka kwenye kegi za Cornelius, zile za chuma cha pua za lita 19 zilizokuwa za soda huko Marekani. Ni za mtumba. Moja kifuniko chake hakinipi amani: nikifunga gesi jioni, asubuhi mshale wa geji umeshuka. Kila ninayemuuliza ananiambia nipake kitu kwenye oringi, ile pete ya mpira inayozuia gesi isivuje, lakini hakuna wawili waliotaja kitu kimoja. Hivi ndivyo ninavyoweza kuvipata:

Grisi ya silikoni ya kiwango cha chakula. Lazima niagize nje, na nauli inaizidi bei yenyewe.
Mafuta ya mgando. Yapo kila duka.
Likwidi parafini ya famasi, ile ya kulainisha choo.
Mafuta ya nazi. Jikoni hayakosekani.

Ninachotaka ni kitu kisichomdhuru mnywaji, kisichoua povu na kisichoharibu mpira. Waliotumia hivi vitu naomba waseme wamechagua kipi na kwa nini.

MbegeMoshi

Karibu kwenye kegi mkuu. Mimi ni mafuta ya mgando tangu mwanzo na sijaona shida. Napaka kidogo kwa kidole kwenye oringi kubwa ya kifuniko, nafunga, basi. Sharti ni moja: yawe meupe yasiyo na manukato. Madukani mengi yametiwa marashi kwa ajili ya ngozi, mengine ni ya watoto kabisa. Fungua kopo, nusa. Likinukia chochote, liache kwa mafuta ya mwili. Bia inabeba harufu haraka sana.

Dada_Maabara (Nairobi)

Kimea, kabla ya kuchagua grisi jua kwanza oringi zako ni za mpira gani, maana jibu linabadilika kabisa.

Kwenye kegi utakutana na aina tatu. Kuna naitrili, mara nyingi nyeusi, ambayo inavumilia mafuta ya jamii ya petroli. Ndiyo inayotumika sana kwenye injini na haidroliki. Kuna EPDM, nayo mara nyingi ni nyeusi. Hii inastahimili maji ya moto, mvuke na dawa za kuoshea, lakini mafuta ya petroli inayanywa. Inavimba, inalegea, na ukiitoa kwenye mfereji wake unakuta imekuwa ndefu kuliko nafasi yake, haiingii tena. Ya tatu ni silikoni, laini, mara nyingi nyeupe, nyekundu au inayopitisha mwanga.

Mafuta ya mgando na likwidi parafini asili yao ni petroli. Kwa naitrili hayana neno. Kwa EPDM ni kununua mpira mwingine mapema. MbegeMoshi, kama zako zimedumu hivyo bila kuvimba, nina hakika ni naitrili.

Grisi ya silikoni inakubaliana na naitrili na EPDM zote mbili, ndiyo maana inapendekezwa kuliko nyingine: hata usipojua mpira wako ni upi, uko salama. Udhaifu wake uko kwa oringi za silikoni zenyewe, kwa sababu mafuta ya silikoni hupenya ndani ya mpira wa jamii yake na kuuvimbisha. Kwenye oringi za namna hiyo paka kiasi kidogo sana, au uzilowanishe kwa maji safi tu wakati wa kufunga.

Na tafadhali, kwa usalama wa wasomaji wote: likwidi parafini ya famasi ni mafuta meupe yaliyosafishwa mpaka hayana rangi wala harufu. Huku kwetu Kenya ukisema parafini, wengi wanaelewa mafuta ya taa. Ukimtuma mtoto, mwandikie jina lote kwenye karatasi na umtaje famasi ya kwenda.

Ukwaju_Mvita

Mimi kegi zangu hazina pombe. Nafanya ukwaju na tangawizi ya gesi kwa shughuli za harusi hapa Mombasa, lakini oringi ni zile zile.

Mafuta ya nazi niliyajaribu kwa sababu ndiyo yetu. Mezani yanapakika vizuri, ni maji kabisa kwa joto letu. Tatizo ni friji. Chini ya nyuzi 24 hivi yanaanza kuganda, na kwenye nyuzi 4 yanakuwa magumu kama mshumaa. Ukifungua kegi baridi unaona vipande vyeupe vimebanduka kwenye oringi, vingine vimeelea juu ya kinywaji. Mteja akiona hivyo kwenye glasi hataki maelezo. Zaidi ya hayo, mabaki yanayojificha chini ya oringi yakikaa yanachacha, na harufu ya nazi iliyochacha wapwani wote tunaijua.

Alizeti na mafuta mengine ya kupikia ni mabaya zaidi, maana yakikauka yanageuka gundi. Nilihamia grisi ya silikoni na sioni sababu ya kurudi nyuma.

Baridi_MN (Minneapolis)

Huku grisi hizi zinauzwa kwenye kila duka la vifaa vya bia, kwa hiyo nitaje jambo ambalo muuzaji hasemi: alama ya NSF H1 iliyoandikwa kwenye kibomba (tyubu) cha grisi.

H1 maana yake ni grisi iliyokubaliwa kwa mashine za chakula, mahali ambapo inaweza kugusa chakula kwa bahati tu. Katika kanuni za Marekani, kikomo cha mafuta ya madini yanayoingia kwenye chakula kwa njia hiyo ni sehemu 10 kwa milioni. H2 ni ya mashine zilizo mbali na chakula kabisa, hiyo usiiguse. 3H ndiyo ya kugusa chakula moja kwa moja, kama mafuta ya trei za kuokea mikate. Zamani idhini hizi zilitolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani. Ilipojitoa mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la NSF ndilo lililoendeleza orodha.

Sasa sikilizeni hili. H1 inamhusu mlaji, haisemi lolote kuhusu mpira. Kuna grisi za H1 zinazotengenezwa kwa mafuta ya sintetiki yaitwayo PAO. Mnywaji yuko salama, lakini oringi ya EPDM inavimba vile vile kama alivyoeleza Dada_Maabara. Soma nyuma ya kibomba mpaka uone neno silikoni. Molykote 111, iliyokuwa ikiitwa Dow Corning 111, ni mfano wa grisi ya silikoni inayotumika sana kwenye valvu za maji ya kunywa na mashine za kahawa, na watengeneza bia wengi wanaitumia.

Kuhusu nauli: usiihesabu kwa kegi moja. Kibomba cha gramu 30 kinakaa miaka kwa mtu wa nyumbani, hata ukipaka kila unapoosha.

FundiBomba (Mwanza)

Mkuu Kimea, kwanza hakikisha kweli inavuja. Ukifunga gesi bia ikiwa haijashiba, mshale utashuka tu hata kama kila kitu kimebana, kwa sababu bia inaendelea kuinywa ile gesi ya juu. Bia baridi inainywa zaidi. Geji pekee haitoshi kuwa ushahidi.

Fanya tunavyofanya kwenye mtungi wa gesi ya kupikia. Maji ya sabuni, sponji, pakaa kuzunguka kifuniko, kwenye valvu ya usalama iliyo katikati yake, na kwenye vichwa viwili vya kuingizia gesi na kutolea bia. Tulia uangalie. Panapotoa mapovu ndipo penye kazi. Kegi ina oringi tano: moja kubwa ya kifuniko, mbili za nje kwenye vichwa, mbili ndogo kwenye mirija iliyo ndani ya vichwa hivyo, mfupi wa gesi na mrefu wa bia. Watu wanaikazania ile kubwa tu, kumbe gesi inatokea chini ya mrija mfupi.

Grisi ninayotumia kwenye koki za maji ya kunywa ni ya silikoni, na nyingine zina idhini ya maji ya kunywa. Uliza kwa mafundi wakubwa wa mabomba kabla ya kuagiza nje, huenda ukaipata hapo hapo mjini. Soma maandishi yake, usichukue ya kopo lisilo na jina.

MbegeMoshi

Dada_Maabara, ahsante, umenifungua macho. Ila zote ni nyeusi. Nitajuaje hii naitrili na hii EPDM, maana wiki ijayo nanunua seti mpya?

Dada_Maabara

Kwa macho huwezi, kaka. Chukua oringi moja ya seti mpya, ikate nusu. Nusu moja tumbukiza kwenye likwidi parafini ndani ya kikombe, nusu nyingine iache kavu. Baada ya siku mbili tatu zifute uziweke pamoja. EPDM itakuwa imenenepa na kulainika, unaona tofauti bila kipimo. Naitrili itabaki karibu ilivyokuwa. Nusu zote mbili zitupe, usizirudishe kazini.

Jambo jingine. Ukienda Kirinyaga Road hapa Nairobi, au Gerezani kule Kariakoo, utapata oringi za kila saizi kwa bei nafuu sana. Nyingi ni za haidroliki. Zitaingia na zitabana, lakini hazikutengenezwa kwa ajili ya chakula na hakuna anayejua kilichochanganywa kwenye mpira wake. Kwenye kitu anachokunywa binadamu sikubaliani nazo hata kidogo. Afadhali mtu aagize oringi na grisi kwa pamoja, nauli iwe moja.

Kimea_Arusha

Wakuu, nimepaka sabuni. Mapovu yanatoka kifunikoni upande mmoja, vichwa viko safi. Oringi yenyewe ina mkunjo na bado inanuka soda ya zamani. Na povu je? Silikoni si ndiyo hutumika kuzima mapovu viwandani?

Baridi_MN

Ndiyo, mafuta ya silikoni huzima povu, na mafuta ya kupikia hulivunja povu la bia pia. Kinachokuokoa ni kiasi. Grisi ya silikoni haiyeyuki kwenye bia. Inabaki pale ulipoipaka, ikiwa ni utando. Chukua kiasi cha punje ya mchele kwa oringi nzima ya kifuniko, isugue kati ya vidole viwili mpaka mpira ung'ae bila kuona grisi. Ukiona weupe kwenye kona, umezidisha, futa.

Oringi yenye mkunjo na harufu ya soda itupe leo. Hakuna grisi itakayoinyoosha, na harufu ile haitoki kwa kuosha.

Ukiweka mpya, vuta kifuniko juu kwa mkono huku unafungua gesi mpaka psi 30 (psi ni kipimo cha presha kwenye geji), sikia kinavyokaa, ndipo ufunge klipu. Toa gesi ya juu kwa valvu ya usalama, rudia mara chache kufukuza hewa, kisha shusha mpaka psi 12 kama friji yako iko nyuzi 4. Kifuniko hiki kinabanwa na presha kutoka ndani. Ukikianzishia presha ndogo, kinaweza kuvuja hata kikiwa na oringi mpya.

FundiBomba

Na kabla ya kuweka mpya, pitisha kidole kwenye mdomo wa kegi ile ya mtumba. Ukikuta pamebonyea hata kidogo, tafuta oringi ya kifuniko iliyo laini na nene zaidi, zipo za kegi zilizopinda midomo. Mara nyingi hizo ni za silikoni, kwa hiyo hapo grisi iwe karibu na hakuna.

Kimea_Arusha

Pamebonyea kidogo karibu na mshikio. Naagiza oringi nene ya kifuniko kwa kegi hii, seti za kawaida kwa zile nyingine, na kibomba kimoja cha silikoni chenye H1. MbegeMoshi, ukitaka tuagize pamoja nauli tugawane, niandikie kabla ya Ijumaa.