Ushauri: tuanze na seti ya kuchomeka au na bredibodi?

Mwalimu wa Nyegezi

Salaam kwenu nyote. Ninafundisha fizikia katika sekondari moja hapa Nyegezi, na kila Ijumaa jioni ninakaa na wanafunzi kumi na wawili wanaopenda elektroniki. Tumechangishana fedha za kununua seti moja, lakini tumegawanyika: wapo wanaotaka vipande vya Grove, ambavyo huchomekwa tu bila kulehemu, na wapo wanaotaka Arduino Uno (bodi ndogo inayopangiwa kazi kwa kompyuta) pamoja na bredibodi (kibao chenye matundu ya kuungia waya mmoja mmoja), wakidai kwamba kuchomeka ni mchezo wa watoto. Tunakusudia kupima joto la maji kwenye vizimba vya sato vya mzazi mmoja, kwa kuwa maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo na samaki hutaabika. Tuanzie wapi?

Fundi wa Kirumba

Mwalimu, habari za kazi. Wanafunzi wako wanagombania vitu visivyopingana. Grove huchomekwa kwenye Uno hiyo hiyo, mradi mnunue bodi ya soketi inayokaa juu yake, ambayo ina swichi ndogo ya kuchagua volti 5 au 3.3, itazameni swichi hiyo kabla ya kuwasha chochote. Ningeanza na kuchomeka bila haya yoyote. Bredibodi hufundisha mengi, ila siku ya kwanza humfundisha mtoto kutafuta waya uliolegea, naye hurudi nyumbani akiamini kwamba hana kipaji. Waya wa Grove una nyuzi nne, mwekundu ukiwa wa umeme, mweusi wa hasi, na wa njano na mweupe ya mawasiliano, na soketi yake huingia upande mmoja tu.

Jambo jingine: niliwahi kupoteza jioni nzima nikiilaumu bodi kwamba imekufa, kumbe waya wa USB niliouazima ulikuwa wa kuchaji tu, usiopitisha data. Taa iliwaka, kompyuta haikuona kitu.

Binti Ukerewe

Shikamoo Mwalimu. Ninakubaliana na Fundi, ila kwa sehemu. Seti nyingi za wanaoanza huja na kihisi cha DHT11, ambacho ni cha hewa. Mkikitumbukiza ziwani mtakizika. Tafuteni kihisi cha joto cha DS18B20 kilichofungwa ndani ya bomba dogo la chuma lisiloshika kutu, ambacho kati ya nyuzi joto -10 na 85 za Selsiasi hukosea kwa nusu nyuzi tu.

Hapo ndipo ningewarudisha kwenye bredibodi. Kihisi hicho kinahitaji rezista (kipande kinachozuia kiasi mkondo wa umeme) ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wa data na wa umeme, na vipande vya kuchomeka mara nyingi huja nayo tayari, kwa hiyo mwanafunzi haioni wala haulizi. Waacheni waiunge wenyewe, kisha waichomoe makusudi: kompyuta itaandika nyuzi joto -127, na atakayeeleza kwa nini Ziwa Victoria limeganda ghafla ameelewa somo. Maungio ya waya yakae juu ya maji, ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, kwani unyevu wa ziwani hauchelewi kula shaba.

Mwalimu wa Nyegezi

Marahaba, binti. Nimewasomea wanafunzi majibu yenu na ugomvi umekwisha: tutanunua Uno, bodi ya soketi na hiyo DS18B20. Swali moja limebaki. Kwenye vizimba hakuna umeme, ila mzazi ana betri ya pikipiki ya volti 12. Je, tuichomeke moja kwa moja?

Fundi wa Kirumba

Tundu la duara la Uno limependekezewa volti 7 hadi 12, na betri iliyojaa huzidi 12, hasa ikiwa inachajiwa. Bodi haitaungua papo hapo, lakini kipunguza volti chake hupata joto kali vipande vinapoongezeka. Tumieni chaja ya simu ya kwenye gari, ile inayotoa volti 5 kwa USB, na fyuzi iwekwe karibu na betri. Kwenye pini iliyoandikwa 5V msiguse kabisa na waya wa betri. Nimeshapokea bodi mbili zilizoletwa kwangu zikinuka kwa sababu hiyo.